Neno Lililowafuta Watoto Wawili

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi na kumjulisha vitu kwa majina yake, na akatujalia sisi wa ufukwe huu wa Tanganyika lugha zaidi ya moja ya kumshukuru. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa macho ambayo bado yanasoma. Namshukuru kwa subira, ambayo sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa kwa bakora ya mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, hapa hapa Ujiji. Namwomba pia anisamehe, maana ninayotaka kuyasimulia nayasimulia kwa hasira, na hasira yenyewe imekaa kifuani miaka mingi bila kupoa.

Nina hasira na neno moja la Kiingereza. Najua wapo watakaocheka, kwamba mzee mzima na tasbihi yake mkononi anagombana na neno. Wacheke. Neno hilo ni issue. Vijana wamelichukua, wamelivua viatu na kulivika kandambili, wanaliita ishu. Wanalisema asubuhi mpaka jioni: kuna ishu, hamna ishu, ishu yako vipi. Kila ninapolisikia namkumbuka mama mmoja wa Kirundi na watoto wake wawili, na ulimi wangu mwenyewe uliomponza.

Ilikuwa katika miaka ya wakimbizi. Boti zilizozoea kuleta dagaa kwenye pwani ya Kibirizi zilianza kuleta watu. Zilikuja zimelala majini kwa uzito, na watu wakateremka na godoro, na sufuria, na kuku waliofungwa miguu, na wengine hawakuteremka na chochote. Mchanga wa kuanikia dagaa ukajaa watu waliokaa. Wachuuzi walinung'unika siku mbili, kwamba dagaa wataoza. Siku ya tatu wanawake wale wale walionung'unika ndio waliosonga ugali wa kuwalisha. Hilo nalisema ili haki ya watu wa Kibirizi isipotee.

Pembeni ya pwani pakafungwa maturubai, pakawekwa meza, pakaitwa kituo cha mapokezi. Walitafutwa watu wanaojua Kiha na Kiingereza kidogo, kwa sababu Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na Muha anamwelewa Mrundi kabla hajamaliza kusema. Mimi mama yangu alikuwa Muha, na Kiingereza nilikipata shuleni kisha nikakinolea kwenye stoo ya bandari, nilikofanya kazi ya ukarani mpaka nilipostaafu nikaanza kufundisha chuo. Imamu wetu alisema baada ya sala ya Ijumaa: mwenye ulimi autoe sadaka. Nikaenda.

Nilipangwa meza moja na karani, mtu wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa mjini, mcheshi, mwandiko mzuri. Yeye aliandika, mimi niliuliza na kutafsiri. Siku mbili za kwanza hatukupata taabu. Siku ya tatu fomu zikaisha. Watu walikuwa wengi kuliko karatasi. Akatumwa mtu, akarudi na katoni ya fomu za zamani, karatasi imegeuka rangi ya chai, kutoka kabati ambalo hakuna aliyejua ni la nani. Ukizisoma ulijua zilitungwa na mwanasheria wa enzi hizo, mtu asiyependa kusema maji pale anapoweza kusema kitu kinywekacho.

Jina, umri, mahali utokapo, mume au mke, hayo tuliyavuka. Mstari wa saba ulikuwa na neno moja tu, na nukta nyingi mbele yake: Issue.

Karani akainua kalamu. "Shehe, hii hapa maana yake nini?"

"Bandarini ilikuwa kutoa mali stoo," nikamwambia. "Ukitoa magunia kumi, unaandika kwenye hati ya ishu: magunia kumi."

"Sasa huyu baba atatoa mali gani? Hana hata kiberiti."

Mzee wa Kirundi aliyekuwa mbele yetu akatutazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayengoja hukumu.

"Ishu ni shida, mzee wangu," karani akasema. "Mtaani hata mtoto anajua. Ukimwuliza mtu ana ishu gani, unamwuliza shida yake. Hawa ni wakimbizi, lazima waulizwe shida zao. Au siyo?"

Foleni ilikuwa imefika kwenye mitumbwi. Jua lilikuwa kali, watoto wanalia. Nilihisi kitu hakikukaa sawa, nikakipuuza. "Andika shida," nikasema.

Huo ndio mwanzo, na nimeukubali mbele ya Mungu kuwa ni wangu. Yule mzee nikamwuliza shida yake, akaonyesha mguu uliovimba. Karani akaandika: mguu. Aliyefuata alikuwa na njaa, ikaandikwa njaa. Mwingine mbuzi wake walibaki ng'ambo, wakaandikwa mbuzi. Ukizisoma fomu zile leo kwa maana aliyoikusudia mwanasheria wao, utaona kwamba tulimpokea Kibirizi mwanamume aliyezaa mguu, na bibi kizee aliyezaa njaa.

Ndipo akaja mama yule. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge kilicholowa pindo, amesimama wima. Alikuwa peke yake mezani, kwa sababu muuguzi alikwisha kumchukua mtoto wake wa kiume aliyekuwa na homa, na dada wa mtoto akamfuata nduguye kwenye turubai la chanjo. Mama akaambiwa abaki kwenye foleni asipoteze nafasi. Akabaki. Sikujua hayo, sikuuliza.

Nilimsalimu kwa Kiha, akanijibu kwa Kirundi, kwa kuinama kidogo, akaniita mutama, ndivyo wanavyomwita mzee. Jina lake, kwao, mume. Mume alikuwa amekufa. Nikafika mstari wa saba, nikamwuliza ana shida gani.

Msomaji wangu, wewe unawajua watu wetu. Mtu aliyelelewa vizuri, akiulizwa na mgeni mwenye mvi ana shida gani, hamwagi shida zake mezani. Kwanza humshukuru Mungu. Mimi mwenyewe ukinikuta nyumba imeezuliwa paa utanisikia nasema salama, alhamdulillahi. Mama yule naye alifanya hivyo. Aliweka mkono kifuani akasema, "Imana ishimwe, nta kibazo." Mungu ashukuriwe, hakuna shida.

Nikamtafsiria karani: hana.

Karani akaandika kwa mwandiko wake mzuri: None. Akanakili mistari ile ile kwenye kadi, akampa. Mama akashukuru kwa mikono miwili.

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, alirudi mezani petu. Hakupanga foleni. Alisimama ubavuni mwangu mpaka nilipogeuka, akasema, "Mutama, wanasema sina watoto."

Nilidhani sikumsikia. Akanishika mkono wa kanzu akanivuta hadi kwenye uzio wa matete, nyuma ya turubai la chanjo. Ndani walikuwa watoto wa peke yao, waliofika bila mzazi, kila mmoja na utepe wa njano mkononi. Alininyooshea msichana wa miaka kumi hivi, aliyembeba mgongoni mtoto wa kiume ambaye miguu yake ilikaribia kugusa chini. Msichana alipomwona mama yake hakupiga kelele. Alisogea tu hadi kwenye matete, akageuka mgongo, ili mama aweze kupitisha vidole na kumgusa mdogo wake paji la uso kama homa imeshuka. Nikaelewa kwamba walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi tangu jana.

Mlinzi akaja. "Mama, nimeshakwambia. Toka hapo."

"Hawa ni watoto wake," nikasema.

"Shehe, mimi nafuata kadi. Kadi yake inasema hana mtoto. Hawa Alhamisi wanaondoka na lori, kwenda kituo cha yatima, upande wa Kasulu na kuendelea. Huko watapangiwa."

"Watapangiwa nini?"

"Mimi sijui. Wakiondoka hapa, karatasi zao zinakwenda na lori."

Ilikuwa Jumanne. Niliichukua kadi ya mama nikaisoma mstari kwa mstari. Hapakuwa na mstari wa watoto popote. Palikuwa na Issue, na mbele yake None. Nilimwonyesha karani. Naye akageuza kadi juu na chini, akasema, "Hapa pameandikwa hana shida, Shehe. Hayo ya watoto wameyatoa wapi?"

Alasiri nilirudi Ujiji, sikupita nyumbani. Nilikwenda kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, Mkristo wa siku nyingi, ambaye alikuwa na kamusi ya Kiingereza iliyokatika jalada, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Ee! Leo mwalimu wa chuo kaja kusoma kwangu," akasema. "Vua viatu basi, na ukae chini na watoto."

"Nitaleta na kibao. Nitafutie issue."

Akavaa miwani, akalamba kidole, akafungua. Akacheka peke yake. "Hili si neno, ni soko. Unataka ipi? Kutoka, kama maji yanavyotoka kwenye mwamba. Kule kanisani tulisomewa kwa Kiingereza cha zamani habari za mwanamke aliyetokwa na damu, neno ni hili hili. Kutoa: kutoa amri, kutoa noti, kutoa blanketi. Toleo la gazeti. Hoja ya kubishaniwa. Tatizo, hilo la vijana wako. Mwisho wa jambo, matokeo yake." Kidole kikashuka, kikasimama. Kicheko kikaisha. "Na hapa wanasema, kwa lugha ya sheria: uzao. Watoto wa mtu."

Alinigeuzia ukurasa nisome mwenyewe. Nilisoma mara tatu.

Sisi tuliosoma chuoni hatuna udhuru katika hili. Siku ya kwanza tulipofundishwa tafsiri, mwalimu alituandikia neno ayn, akatuambia: hili ni jicho, na ni chemchemi, na ni mpelelezi, na ni kiini cha kitu; msije mkalitolea hukumu kabla hamjatazama majirani zake. Na Kiswahili chetu je? Paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani, na wale kina mama wa Kibirizi wanaopaa samaki magamba. Hakuna anayechanganya, kwa sababu anatazama neno limekaa na nani. Mimi nililiona neno issue limekaa kati ya mstari wa mume na mstari wa mali, na sikuuliza jirani yake ni nani. Niliogopa urefu wa foleni.

Lakini sitaubeba mzigo wote peke yangu, na hapa ndipo hasira yangu inaposimama. Ni nani aliyechukua fomu ya kumwuliza mjane ametoka na watoto wangapi, na akaona aibu kuandika neno watoto? Kiingereza kina neno la watoto. Nimelijua tangu darasa la kwanza, ni miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa. Waliacha neno ambalo kila mtu analijua, wakachukua lile lenye milango saba, wakalitia mbele ya watu waliokimbia bunduki, kisha wakawaambia: jibuni. Na tazameni uonevu wake: waliojibu kwa kulalamika walisalimika. Walioandikiwa mguu, na njaa, na mbuzi, ofisi ilishangaa, ikawaita tena, ikawahesabu na watoto wao waliosimama nao. Aliyetaabika ni yule aliyejibu kwa adabu na kumshukuru Mungu.

Jumatano asubuhi niliwahi kituoni. Nilimweleza karani. Alishika kichwa.

"Duh! Uzao? Kwa hiyo mimi nimeandika yule bwana kazaa mguu?"

"Umeandika na mimi nimekuambia. Sasa turekebishe, lori ni kesho."

"Hamna ishu, mzee wangu," akasema, kisha akajishika mdomo. "Yaani, tutarekebisha."

Alinieleza kwamba kadi haifutwi. Inajazwa karatasi ya malalamiko, inapelekwa kwa mkuu wa kituo, mgeni kutoka ng'ambo ya bahari, naye ndiye mwenye mhuri. Karatasi za malalamiko nazo zilikuwa za katoni ile ile. Tulianza kuijaza pamoja: jina la mama, namba ya kadi. Mwadhini wa msikiti wa jirani akaadhini. Nikamwambia karani amalizie, mimi nikasali. Niliporudi ilikuwa imeshapelekwa.

Jibu lilikuja saa kumi. Lilikuwa na mhuri na maneno mawili: No issue. Yaani, hakuna cha kufanya.

"Umeandika nini?" nikamwuliza karani.

Akaitoa nakala. Katika karatasi ya malalamiko, mstari wa nne ulikuwa Issue, yaani sema hapa jambo unalolalamikia. Karani, mtu mwaminifu, aliyekwisha kufundishwa na mimi asubuhi ile kwamba issue ni uzao, alitazama kadi ya mama akaona uzao wake ni None, akanakili: None. Akaogopa kusema tofauti na kadi.

"Si ulisema ni watoto, Shehe?"

Juzi neno lilikuwa watoto, sisi tukalisoma shida. Leo lilikuwa shida, naye akalisoma watoto. Mara zote mbili mama yule aliandikwa hana, na mara zote mbili mimi nilikuwa mwalimu. Nilimtazama yule mama, aliyekuwa amekaa mchangani karibu na uzio, mgongo kwenye matete, ili mwanawe aegemee upande wa pili. Nikaenda kumwambia bado.

Alhamisi lori lilikuwa limeshawashwa nilipofika. Watoto wa utepe wa njano walikuwa wanapandishwa mmoja mmoja, na mkuu wa kituo amesimama na orodha. Sikungoja kuitwa. Nikamwendea, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha bandarini kwamba wawili kati ya hao wana mama, na mama ni yule pale.

Alikuwa kijana bado, amechomwa na jua, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Namtendea haki: hakuwa mtu mbaya. Akatafuta kwenye mafaili yake. "Kadi inasema hana. Malalamiko yake yanasema hana. Mzee, mama huyu amesema hana watoto mara mbili."

"Hajasema hata mara moja!" Nilipaza sauti, na mimi si mtu wa kupaza sauti. "Aliulizwa kama ana shida, akamshukuru Mungu. Mimi ndiye niliyemwuliza. Neno lenu lina maana saba, nami nilichukua isiyo yake. Andika kosa langu, usiandike uongo juu yake."

Akanitazama. Akasema, polepole, kwamba alikwisha kuona watu wanaochukua watoto wasio wao ili kadi ya chakula iwe kubwa. Mtoto akichukuliwa na asiye wake, yeye ndiye atakayeulizwa. Nikamwambia amwite msichana amwulize. Akasema mtoto hufundishwa la kusema. Nikamwambia amwache huru aone atamkimbilia nani. Akasema mtoto mwenye hofu humkimbilia yeyote.

Hebu fikirini. Mama aonyeshe nini? Cheti cha kuzaliwa kilichozama? Watoto wanaomlilia si ushahidi, vidole vyake kwenye matete si ushahidi, lakini zile nukta na neno lililoandikwa na mtu aliyechoka, huo ndio ushahidi.

"Lete shahidi asiye mkimbizi," akasema mwishowe, "aliyewaona wakifika pamoja. Nakupa mpaka lori lijae."

Nilikunja kanzu nikakimbia. Sijui mara ya mwisho nilikimbia lini kabla ya siku ile. Kina mama waliokuwa wanageuza dagaa wakasimama.

"Shehe anakimbia! Jamani, kiama!"

"Kiama gani, kaona mke wa pili!"

"Nani aliwaleta Warundi wa Jumatatu?" nikauliza kwa pumzi ya mwisho. "Boti ya nani?"

Wakaacha mzaha. Mmoja akanyoosha kisu cha kupalia samaki kuelekea boti iliyoinamishwa, na chini yake miguu miwili ya mtu anayeziba tundu kwa lami. Nikaita ile miguu. Akatoka nahodha, mfupi, mikono myeusi.

"Mama mwembamba wa kitenge, na msichana na mtoto mgonjwa," nikasema. "Unamkumbuka?"

"Yule wa mtoto aliyetapikia dumu langu la mawese?" akasema. "Shehe, nitamkumbuka mpaka kaburini."

"Alhamdulillahi! Njoo."

"Alhamdulillahi kwa matapishi? Kuna nini?"

Nikamweleza tukiwa njiani. Alipofika hakumwamkia mkuu wa kituo. Alisimama mbele ya lori, akawatazama watoto juu, akanyoosha kidole chenye lami. "Huyo mdogo. Katapika tangu tunaondoka mpaka tunaingia Kibirizi. Na huyo dada mtu alimshikia kichwa. Na huyo," akamgeukia mama, "alimfuta kwa kitenge alichovaa, na mimi namtukana njia nzima, na yeye ananiomba radhi njia nzima. Mwambie mzungu wako, Shehe: nani duniani ataomba radhi kwa muda wa saa sita kwa matapishi ya mtoto asiye wake?"

Nilimtafsiria neno kwa neno, na safari hii sikuruka hata moja. Mkuu wa kituo aliinamisha kichwa juu ya orodha. Alipoinua, alimwambia dereva azime injini na afungue mlango wa nyuma. Akaichukua kadi, akakata None kwa mstari mmoja, akaandika 2, akagonga mhuri. Nahodha akarudi kwenye lami yake.

Msichana aliteremka kinyumenyume, mdogo wake mgongoni. Mama hakulia. Alimfungua mtoto kutoka mgongo wa dadake, akamgusa paji, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe. Kisha akaushika mkono wa msichana, akautazama ule utepe wa njano, akauinamia akaukata kwa meno, akautema mchangani. Akamfanyia hivyo na mdogo.

Halafu akanigeukia. "Mutama, siku ile walitaka kujua nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba neno lililoandikwa lilikuwa na maana nyingi, na moja ilikuwa watoto, nami sikuijua.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayemheshimu mzee. "Nimezaa watano," akasema. "Hawa wawili ndio walio hai. Ungeniuliza tu nimezaa wangapi, ningekuambia."

Akachukua kadi yake iliyoandikwa 2, wakaenda kupanga foleni ya uji, msichana ameshika pindo la kitenge. Waliondoka na lori jingine Jumamosi, pamoja, kwa njia ya Simbo na Kidahwe. Sikuwaona tena.

Mchana ule niliomba katoni ya fomu zile. Niliketi nyuma ya turubai na kalamu ya wino, na juu ya kila Issue ya mstari wa saba nikaandika kwa herufi kubwa: WATOTO. WALIO HAI. WALIOKUFA. Nilifika karibu nusu ya katoni ndipo mtu wa ofisi akaniona, akasema ninaharibu nyaraka, akaninyang'anya. Nilimwambia ziliharibiwa na aliyezichapa. Karani, Mungu amlipe, alizificha zile nilizokwisha kuziandika chini ya meza, na wiki iliyofuata tuliuliza kwa hizo, mtu baada ya mtu, mpaka zilipokwisha. Baada ya hapo tulirudi kwenye neno lao, lakini mimi niliuliza kwa maneno yangu.

Nawe uliyenivumilia mpaka hapa, Mola akukinge na ulimi wenye haraka, wa mwingine na wako mwenyewe. Siku ukisimama mbele ya meza ya mtu, akujaalie mtu wa kukuuliza kwa lugha uliyonyonya. Na siku ukiwa wewe ndiye uliyeketi, akupe subira ya kuuliza mara ya pili. Awahifadhi waliokuzaa na uliowazaa, wanaoonekana na waliotangulia, wala asipungue hata mmoja katika hesabu yake. Amina.